Mfuniko wa tenki umepotea? Usizibe kwa kitambaa

Ni jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri. Baba anatia mafuta jioni akitoka kazini, mhudumu wa sheli anaweka mfuniko juu ya bodi kwa sababu kamba yake ilishakatika, wanaongea mawili matatu, gari linaondoka. Akifika nyumbani Msamala au Bombambili, mtoto ndiye wa kwanza kusema: “Baba, gari linanuka.” Mfuniko umeshaanguka barabarani.

Kinachofuata kinajulikana. Kinatafutwa kitambaa, kinakunjwa, kinasokomezwa kwenye mdomo wa tenki, na maisha yanaendelea. Wengine hukaa na kitambaa hicho miezi, na wala hawaoni tatizo kwa kuwa gari linawaka na kutembea.

Tatizo liko uani. Katika nyumba nyingi za Songea gari hulala hatua chache kutoka jikoni, na jiko la mkaa huwashwa nje. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hushuka na kutambaa chini, hasa mahali palipozungushiwa ukuta ambapo upepo haupiti. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko ile ya Songea ya Juni na Julai, kwa hiyo kusema “hali ya hewa ni ya baridi, haina shida” ni kujidanganya. Kitambaa nacho kikilowa mafuta kinakuwa utambi uliochomekwa kwenye tenki. Watanzania hawajasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, moto wa lori la mafuta ulipoua watu zaidi ya 100. Tenki la gari dogo ni kitu kidogo kulinganisha na lile lori, lakini petroli ni ileile.

Halafu kuna watoto. Kwa mtoto wa miaka mitatu, tundu lililo wazi ni mahali pa kutumbukiza kokoto, mchanga au kijiti. Fundi akishusha tenki kusafisha mchanga, gharama yake haifanani hata kidogo na bei ya mfuniko.

Mvua nayo haina huruma. Kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kitambaa hakizuii maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tenki, na pampu huvuta kutoka hukohuko chini. Ndiyo maana gari linaanza kukohoa kwenye milima ya kwenda Mbinga, familia nzima ikiwa ndani.

Wengine huona mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira ni afadhali. Sivyo. Mfuniko wa gari la petroli una vali ndogo inayoingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Ukiziba kabisa, tenki linaweza kujivuta, pampu ikapata taabu na gari likapoteza nguvu. Mlio mdogo wa “fyuu” unapofungua mfuniko si wa kutisha. Mlio mkubwa unaoandamana na gari kukosa nguvu ni dalili kwamba vali imeziba.

Kununua mwingine ndiko kunakohitaji umakini kuliko kuufunga. Magari mengi mjini ni yaliyotumika Japani, na mifuniko yake hufanana kwa macho tu. Mingine ina nyuzi za kuzungusha, mingine hukaza kwa robo ya mzunguko. Piga picha mdomo wa tenki, beba kadi ya gari yenye namba ya chesisi, nenda nayo duka la spea. Ukipewa mfuniko, kagua mpira wake wa duara: uwe laini, usio na ufa. Wenye funguo unafaa kwa anayehofia kuibiwa mafuta au mwenye watoto watundu.

Kuufunga ni kazi ya dakika chache. Ifanyike mchana, nje, injini imezimwa, jiko likiwa mbali, na watoto wawe wameambiwa wakae kando. Gusa bodi ya chuma kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini. Futa vumbi kwenye mdomo wa tenki kwa kitambaa kikavu, uchafu usidondokee ndani. Kipande cha kamba ya zamani kilichobaki kivutwe kwa plaizi polepole, kisha pini ya kamba mpya isukumwe kwa kidole hadi ikae. Zungusha mfuniko mpaka usikie “kach, kach”. Usiposikia mlio huo kwenye mfuniko wa nyuzi, au ukiwa unacheza, si wake; urudishe dukani.

Kile kitambaa kilicholowa kisitupwe jalalani ambako takataka huchomwa. Kianikwe nje, mbali na moto na watoto, mpaka kikauke kabisa. Na ikitokea mtoto amemeza petroli, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, kwa kuwa akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hata kama anaonekana mzima.

Mfuniko wa zamani uliopasuka, kama bado upo, wasipewe watoto kuchezea. Harufu ya petroli haiutoki upesi.