Wakfu wa Familia: Karo Inapolipwa na Ukoo Mmoja

Shule zinapokaribia kufunguliwa, foleni katika ofisi za wadi huwa ya wazazi wenye swali moja: basari itatoka lini? Swali hilo lilipata uzito zaidi Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alipozitaka serikali za kaunti zisitoe basari kwa wanafunzi walio nje ya majukumu ya kaunti pasipo makubaliano rasmi na Serikali ya Kitaifa. Suala hilo lilifikishwa mahakamani, na wazazi wengi wakabaki wakisubiri huku wakuu wa shule wakidai karo.

Chanzo cha mvutano huo ni Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo, hata kaunti inapotenga pesa za basari katika bajeti yake, mwanafunzi wa sekondari anasaidiwa kwa makubaliano tu.

Hapo ndipo wakfu wa familia unapoingia. Si mpango wa serikali, wala haufanyi kazi chini ya kaunti. Ni pesa za watu binafsi, mara nyingi ndugu, binamu na watoto wao, zilizowekwa pamoja kisheria ili zisaidie wanafunzi na vikundi vya jamii katika eneo wanalolijua. Wakazi wengi wameusikia bila kujua unavyofanya kazi, na wengine wamewahi kutapeliwa kwa jina lake.

Mfano unaojulikana sana nchini ulianzia kijiji cha Mitahato, Kaunti ya Kiambu. Chris Mburu alisoma kwa msaada wa Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo nchini Uswidi, aliyekuwa akituma takriban dola 15 kwa muhula. Hawakuwa wamewahi kuonana. Back mwenyewe alikuwa Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa msichana, baada ya watoto wa Kiyahudi kufungiwa milango ya shule. Mburu alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akaendelea Harvard, kisha akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001, yeye na binamu yake, Jane Wanjiru Muigai, walianzisha mfuko wa elimu na kuupa jina la Hilde Back, ambaye baadaye alikuja Kenya na kupokelewa kijijini kwa shangwe. Alifariki mwaka 2021.

Filamu ya A Small Act, iliyotolewa mwaka 2010, inaonyesha jambo ambalo wafadhili huwa hawalisemi hadharani. Inawafuata wanafunzi wa kijijini wakisubiri matokeo ya KCPE, wakijua kwamba alama ndizo zitakazoamua nani alipiwe karo na nani abaki nyumbani. KCPE imeshaondolewa, mtihani wa mwisho ukiwa ule wa 2023, lakini ugumu uko palepale. Mtoto asomaye kwa kibatari na kuchota maji kabla ya kwenda shule anashindanishwa na mwenzake mwenye meza na taa. Wakfu unaotazama alama peke yake huwa unawasaidia wale ambao tayari wana nafuu kidogo. Ndiyo maana baadhi ya familia hutuma mtu nyumbani kwa mwombaji kabla ya kuamua. Ziara hiyo ya nusu saa hueleza mengi kuliko fomu ya kurasa nne.

Mfano mwingine ni mkongwe zaidi. Mwaka 1956, Mohamedally na Maniben Rattansi walianzisha amana ya elimu jijini Nairobi. Wenyewe hawapo tena, lakini amana hiyo imeendelea kutoa basari kwa wanafunzi wahitaji wa vyuo vya umma, na jengo lenye jina lake lipo Koinange Street hadi leo. Amana yenye mali inayozaa, iwe nyumba za kupangisha, hisa au akiba ya benki, haitegemei mtu fulani awe hai au awe na kazi. Tofauti kati ya wakfu na ukarimu wa kawaida iko hapo.

Ukarimu wa kawaida una hatari ambayo haizungumziwi vya kutosha. Mjomba aliye Nairobi au Doha anawalipia karo watoto watano wa kijiji kutoka akaunti yake mwenyewe. Akifariki, akaunti hiyo inafungwa hadi mahakama itoe idhini ya usimamizi wa mali chini ya Sheria ya Urithi, na shughuli hiyo huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Watoto hao watano si warithi. Warithi wenyewe wanaweza kuwa hawajui kwamba walikuwapo. Muhula unaofuata, wanafunzi wanarudishwa nyumbani, na hakuna wa kumlalamikia.

Sheria inaruhusu familia kuziba mwanya huo kwa njia kadhaa. Njia ya kwanza ni amana iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Wadhamini, ambayo marekebisho yake ya mwaka 2021 yaliitambua waziwazi amana ya familia. Wadhamini hushika mali kwa niaba ya walengwa waliotajwa katika hati ya amana, na mdhamini mmoja akifa, mwingine huchukua nafasi yake bila mali kugawanywa. Njia ya pili ni kampuni isiyo na hisa, inayosajiliwa kupitia eCitizen. Njia ya tatu ni shirika la manufaa ya umma, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 14, 2024, ikichukua nafasi ya ile sheria ya zamani ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 1990. Familia inayotaka kuchangisha pesa kutoka kwa watu wa nje hufaa kuzingatia njia hii ya tatu. Inayotumia pesa zake yenyewe mara nyingi hutosheka na amana.

Usajili peke yake hauleti msamaha wa kodi. Unaombwa kando kwa Mamlaka ya Ushuru, nayo hutaka kuona hesabu na ushahidi kwamba pesa zinasaidia umma. Amana iliyoandikwa kwamba inasomesha "watoto wa ukoo wetu" pekee itapata taabu hapo, kwa sababu huo si umma.

Kuhusu kiasi, familia nyingi hudhani zinahitaji mamilioni. Hesabu ya mfano inaonyesha vinginevyo, ingawa inaonyesha pia mtego uliopo. Ndugu na binamu 12 wakitoa Sh2,000 kila mmoja kwa mwezi, wanapata Sh288,000 kwa mwaka. Karo iliyowekwa na Wizara ya Elimu kwa shule za bweni zisizo katika kundi la juu imekuwa Sh40,535 kwa mwaka, na Sh53,554 kwa zile za kitaifa. Kwa karo ya Sh40,535, pesa hizo zinatosha wanafunzi saba. Furaha ya mwaka wa kwanza huwafanya wengi wachukue wote saba, na mwaka wa pili hakuna nafasi ya hata mmoja. Mwaka wa tatu, michango ikipungua, wanaanza kuchagua nani aachwe njiani.

Njia ya busara ni kuchukua wawili kila mwaka. Sekondari pevu ni miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi 12, kwa hivyo kufikia mwaka wa tatu wakfu utakuwa na wanafunzi sita, na karo yao ni Sh243,210. Zinabaki Sh44,790 za sare, nauli na dharura. Zile ambazo hazikutumika miaka miwili ya kwanza zinawekwa akiba kwa ajili ya mwaka ambao ndugu watatu watapoteza kazi. Sita ni wachache kuliko saba, lakini hao sita watamaliza.

Nauli na sare si mambo madogo. Shule ya kutwa haina karo kubwa kwa kuwa serikali hutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, lakini chakula cha mchana, viatu na vitabu vya ziada humtoa mtoto shuleni kama vile karo itoavyo. Hali ni hiyo hiyo katika vyuo vya ufundi vilivyo chini ya kaunti: kijana anayesomea useremala au ushonaji anaweza kusamehewa karo kisha akashindwa kununua vifaa au kulipia mtihani. Kiasi kidogo cha wakfu wa familia kina nguvu zaidi hapo kuliko katika karo ya chuo kikuu, ambako Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ipo tayari.

Vikundi vya jamii navyo husaidiwa, na hapa ndipo maombi mengi huanguka kabla hata ya kusomwa. Kikundi cha akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu, cha vijana wanaoendesha maktaba ya kijiji au cha kulinda chemchemi kinaweza kuwa na kazi nzuri inayoonekana, lakini wafadhili hawaruhusiwi na hati zao kutuma pesa kwa simu ya mwenyekiti. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10, katiba na viongozi waliochaguliwa, na usajili hufanywa katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo. Akaunti ya benki iwe ya jina la kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja. Daftari la kumbukumbu za mikutano liwepo, na risiti za pesa zilizopokelewa awali zihifadhiwe. Kikundi kinachoweza kueleza Sh10,000 zilivyotumika hupewa Sh50,000 kwa urahisi kuliko kile kinachoomba nusu milioni kwa barua nzuri.

Kwa upande wa wanafunzi, maombi huambatana na barua ya kujiunga na shule au chuo, muundo wa karo, matokeo ya mtihani, nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi, na barua ya chifu au naibu wake. Yatima huongeza cheti cha kifo cha mzazi. Mwenye ulemavu huambatisha kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Pesa hulipwa moja kwa moja kwa akaunti ya shule, na mzazi hupewa nakala ya risiti. Asipoipata, ana haki ya kuiuliza kwa mhasibu wa shule.

Wakazi wajihadhari na watu wanaozunguka na fomu sokoni na makanisani. Wakfu wa kweli hautozi ada ya fomu, hauombi nambari ya siri ya M-Pesa, wala hauchukui vyeti halisi vya mtoto na kukaa navyo. Anayejitambulisha kuwa wakala aombwe cheti cha usajili, kisha jina lililo juu yake lithibitishwe kwa mamlaka iliyolitoa.

Kuna na suala la picha. Hundi kubwa za kadibodi zimekuwa desturi ya hafla za basari, na mtoto husimama mbele ya kijiji kizima akitangazwa kuwa maskini. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za mtoto, picha zikiwemo, haziwezi kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi hayo lazima yalinde maslahi ya mtoto. Mzazi anaweza kukataa picha na bado mtoto akalipiwa karo. Mfadhili anayeifanya picha kuwa sharti la msaada anaweza kushtakiwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Familia zinazofikiria kuanzisha wakfu zinashauriwa kumwona wakili kabla ya kutoa ahadi yoyote kwa shule au kwa mzazi. Hati ya amana itaje mambo matatu bila utata: nani anastahili kusaidiwa, nani anachagua, na wanafunzi waliomo watamaliziwa vipi iwapo wakfu utafungwa. Hilo la tatu ndilo husahaulika zaidi, na huwa halikumbukwi hadi siku ambayo mwalimu mkuu anapiga simu.