Boriti, Kuba na Mabati

Mgeni anayezuru misikiti na makanisa ya kale ya pwani huonyeshwa kwanza mlango, kisha nakshi, kisha kaburi la mtu mashuhuri. Mimi humwomba aanze na paa. Mawe ya matumbawe hayakuwahi kuadimika pwani hii, na chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayohayo juu ya magogo. Kilichomsumbua mwashi ni namna ya kufunika nafasi pana.

Mti aliokuwa nao ni boriti ya mkoko. Ni ngumu na mchwa hawaiwezi, lakini ikivuka takriban mita tatu kutoka ukuta hadi ukuta huanza kulegea chini ya uzito wa sakafu ya chokaa na kokoto inayoshindiliwa juu yake. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni virefu na vyembamba. Majahazi yalizipeleka boriti hizo kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Omani na Ghuba, na vyumba vya huko navyo vikawa vyembamba vilevile. Nyumbani mtu huzoea. Msikitini, ambako waumini wanapanga safu, ilibidi kusimamisha nguzo, tena nyingi.

Msikiti Mkuu wa Gede, karibu na Malindi, unaonyesha gharama ya nguzo hizo. Ulijengwa upya katika karne ya 15 ukiwa na safu tatu za nguzo, na safu ya kati imesimama sawasawa mbele ya mihrabu, ikimziba imamu asionekane na walio nyuma. Si Gede peke yake. Mpangilio huo umo katika misikiti mingine ya kale ya pwani, kwa hiyo sidhani kama ni uzembe wa fundi mmoja. Paa lilikwishaanguka zamani, na mashina ya nguzo yanakusomea ramani yote. Tazama pia mkuki uliochongwa juu ya tao la mlango. Ukipotea magofuni, tafuta ukuta wa kibla: Makka iko karibu kwenye longitudo moja na pwani yetu, hivyo kuanzia Lamu hadi Kilwa ukuta huo unakuonyesha kaskazini.

Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, wengi hupita bila kugeuka, kwa kuwa kwa nje ni jengo dogo lililoezekwa mabati. Ndani, penye mihrabu, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sehemu kubwa ya jengo lenyewe ni ya karne ya 18, msikiti ulipojengwa upya. Wageni huyanung'unikia mabati. Mimi sioni aibu yake: msikiti unaosaliwa lazima uezekwe kila paa linapochoka, na mabati hayaulemei ukuta. Kero yangu ni saruji inayopakwa juu ya kuta za zamani. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, na haipiti misimu mingi kabla lipu haijabanduka pamoja na uso wa jiwe.

Kama una nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa pale ni majengo mawili yaliyogandana, na kila moja lina jibu lake kuhusu paa. Sehemu ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, ilifunikwa kwa miti iliyobebwa na nguzo tisa za mbao. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake, aliuongeza upande wa kusini. Mafundi wake waliachana na boriti, wakafunika kwa kuba na matao ya mawe yaliyoinamiana. Nguzo walizisimamisha kwa matumbawe ya kipande kimoja kimoja.

Kuba, tofauti na boriti, haitulii. Husukuma nje, mchana na usiku, na nguzo nyembamba haina cha kuurudisha msukumo huo. Paa lile liliporomoka, likajengwa tena katika karne ya 15 juu ya nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa, nene kuliko za mwanzo, na nyingi kati ya hizo ndizo unazopita katikati yake leo. Hatua chache kutoka hapo upo msikiti mdogo wa kuba, wa karne hiyohiyo ya 15. Watu huuita mdogo wakaupitia haraka, nami naona ndio kazi safi kuliko zote kisiwani. Angalia ndani ya kuba, uone mabakuli ya kigeni yaliyopachikwa kwenye chokaa.

Zaidi ya miaka 400 baadaye fumbo lilelile lilimkuta Askofu Edward Steere mjini Zanzibar. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Mkunazini mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa la Anglikana. Steere, aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, alitaka ukumbi usio na nguzo katikati. Alijenga paa la mviringo, mithili ya pipa lililopasuliwa kwa urefu, kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Naam, saruji ileile niliyoilaumu. Ila huku ndiyo iliyoushika mwili mzima wa paa, haikubandikwa juu ya chokaa. Wengi waliamini litaanguka. Steere alikufa 1882 akazikwa nyuma ya altare, na paa liko. Watembeza wageni hupenda zaidi kusimulia nguzo zilizowekwa kichwa chini askofu akiwa safarini, na msalaba uliotokana na mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Wasikilize, kisha inua macho.

Baada ya hapo yanayofuata ni mepesi. Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki mjini Zanzibar lililojengwa na Wafaransa kati ya 1893 na 1898, hupendeza zaidi ukilitazama ukiwa juu ya nyumba ya jirani. Azania Front ya Dar es Salaam, ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1898, ni ya vigae vyekundu, na hata madirisha yake yamepewa vipaa vya kuyakinga jua. Mombasa, mtaa wa Langoni, hekalu la Wajaini la miaka ya 1960 ni la marumaru nyeupe. Viatu na mkanda wa ngozi viache nje.

Mkunazini na Kizimkazi unaweza kuvimaliza kwa siku moja, mradi isiwe adhuhuri ya Ijumaa. Kilwa inataka ulale Kilwa Masoko, uchukue kibali huko, na uvuke asubuhi mapema kabla jua halijawa kali.