Sakafu Inayoteleza na Fundi wa Kuirekebisha

Katika miji mingi ya Tanzania imekuwa desturi kwa watoto wenye kazi kuwatengenezea wazazi wao nyumba. Bati jipya likiisha kuezekwa, hufuata rangi, kisha makochi, na mwishowe marumaru. Marumaru hizo, nyeupe na zenye kung'aa kama kioo, hutandazwa sebuleni, barazani, hata bafuni. Mzazi hushukuru, majirani husifu, na kuanzia siku hiyo mama mwenye umri wa miaka 74 huoga juu ya sakafu iliyo ya hatari kuliko ile ya saruji ya kukwaruza aliyoizoea tangu ujana wake. Zawadi imetolewa kwa mapenzi. Kosa limo katika msuguano.

Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Katika sensa ya mwaka 2012 watu wa umri huo walikuwa asilimia 5.6 ya wakazi wote wa Tanzania. Sehemu hiyo yaonekana ndogo, lakini ni watu zaidi ya milioni 2.

Kwa nini kuanguka ambako kwa kijana ni kichekesho, kwa mzee huwa msiba? Baada ya umri wa miaka 30 hivi mwili hupoteza baina ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake katika kila miaka 10, na upotevu huo huzidi kasi uzeeni. Mifupa nayo hupungua uzito, hasa kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, hata shingo ya mfupa wa paja ikaweza kuvunjika kwa pigo dogo. Macho pia hubadilika: mboni hupungua upana na lenzi huingia umanjano, hivyo kwamba kiini cha jicho la mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga uupatao jicho la kijana wa miaka 20. Balbu ile ile inayomtosha mjukuu humwacha bibi katika nusu giza. Yote haya hayazuiliki kwa amri, ila sakafu, ngazi na mwanga vyaweza kurekebishwa.

Tuanze na sakafu. Mtu atembeaye kwa mwendo wa kawaida mahali tambarare huhitaji kani ya msuguano ipatayo moja ya tano ya uzito unaokanyaga chini, yaani kizio cha msuguano cha 0.2 hivi. Saruji kavu iliyokwaruzwa kwa ufagio hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Marumaru laini yenye maji na povu la sabuni yaweza kushuka chini yake, na hapo kisigino huondoka kabla mtu hajatambua.

Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kulipima jambo hili bila maabara. Kipande cha marumaru kifungwe juu ya ubao, kimwagiwe maji ya sabuni, na juu yake iwekwe ndala iliyobebeshwa jiwe la kilo 2. Ubao uinuliwe polepole upande mmoja mpaka ndala ianze kuteleza, kisha pembe ipimwe. Tanjiti ya pembe hiyo ndiyo kizio cha msuguano tuli. Ikiteleza kwenye nyuzi 11, kizio ni 0.19, na marumaru hiyo haifai bafuni. Ikisubiri mpaka nyuzi 27, kizio ni 0.51, na yafaa. Jaribio hilo hilo lingeweza kufanywa dukani kabla fedha haijatolewa. Inafaa vilevile kujaribu ndala kuukuu iliyolika soli, kwa maana ndiyo wazee wengi wavaayo.

Jambo la pili ni baraza. Tuchukue nyumba ya kawaida, mathalani ya Muheza, yenye baraza iliyoinuka sentimita 45 na vidato vitatu vya sentimita 15 kila kimoja. Mwenye nyumba sasa hutumia kiti cha magurudumu. Binti yake amwita fundi mwashi ili vidato vifanywe mteremko. Fundi apima uwanja kwa macho.

"Mama, hapa mita tatu kasoro zinatosha kabisa. Kesho jioni umemaliza."

"Fundi, msalimie kwanza mwenyewe yule pale, kisha umuulize."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sitaki kusukumwa na mtu kama gunia. Nataka nipande mwenyewe."

Katika maneno hayo mawili ya bibi mna hesabu yote ya mteremko. Kipimo kinachokubaliwa katika nchi nyingi ni kimo 1 kwa urefu 12. Kwa hiyo sentimita 45 zahitaji sentimita 540, yaani mita 5.4. Fundi alikusudia mita 2.7, ambayo ni 1 kwa 6. Ikiwa bibi na kiti chake wana jumla ya kilo 80, uzito wao ni nyutoni 784. Kwenye mteremko wa 1 kwa 12 kani inayowavuta kurudi chini ni nyutoni 65 hivi. Kwenye ule wa 1 kwa 6 ni nyutoni 129. Kazi ifanywayo kufika juu ni ile ile, jouli 353, pakipuuzwa msuguano wa magurudumu. Lakini mikono ya mzee haishindwi na jumla ya kazi. Hushindwa na kani ya kila msukumo mmoja. Na wakati wa kushuka, kani hiyo hiyo humkimbiza kuelekea uwanjani. Uwanja ukiwa mfupi, dawa si kuusimamisha mteremko bali kuukunja: kipande kimoja, kituo tambarare cha mita 1.5 cha kugeukia, kisha kipande cha pili.

Kishikio cha ukutani ndicho kitu kidogo kinachoharibiwa mara nyingi kuliko vyote. Mafundi hupenda bomba nene wakidhani ndilo imara. Bomba la inchi 2 lina upana wa nje wa milimita 60, na vidole vya mzee havilifumbati. Bomba la maji la inchi 1, lililopakwa zinki, lina upana wa nje wa milimita 33 hivi, na kiganja hulishika sawasawa. Lifungwe kwenye kimo cha sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, au tuseme pale mkono wa mwenyewe unapofika kwa raha. Udhaifu wa kweli umo ukutani. Skrubu iliyoshika lipu peke yake, au tofali la saruji lenye uwazi ndani, hung'oka siku ile ile mtu anapojitupa kwa uzito wote. Yapasa tundu lijazwe zege, au bolti ipenye ukuta mzima na kukazwa upande wa pili kwa bamba la chuma. Mtihani wake ni mwepesi: fundi mwenyewe aning'inie.

Fundi wa namna hiyo hupatikana wapi? Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, husajili makampuni ya ujenzi, lakini ni nadra kampuni kama hizo kuvutiwa na kazi ya mteremko mmoja na mabomba mawili. Kazi hii ni ya fundi wa mtaani. Baadhi yao wana vyeti vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, chombo kilichoanzishwa mwaka 1994. Wengine walijifunza wakichanganya udongo kwa fundi mkubwa, na si lazima wawe hafifu. Cheti ni dalili njema, lakini kazi iliyokwisha kupigwa na masika mawili ni shahidi bora. Familia iombe kuonyeshwa kazi kuukuu, si ile ya mwezi jana. Iulize pia kimo kitapimwaje. Atakayetaja pimamaji au mpira wa maji amejibu. Atakayesema jicho lake halikosei aagwe kwa heshima.

Mapatano yaandikwe, ukurasa mmoja watosha: vipimo, gharama ya vifaa mbali na ujira, na malipo kwa hatua. Ni vyema wenye nyumba wanunue vifaa wenyewe na kuhesabu ndoo wakati wa kuchanganya, saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, kwani zege lililopunjwa saruji halijulikani kwa kutazama. Uso wa mteremko ukwaruzwe kabla haujakauka, na ukingo wake uinuliwe kidogo ili gurudumu lisichomoke pembeni. Kisha zege linyweshwe maji kwa siku 7. Hapo ndipo ugomvi huzuka, maana fundi amekwisha kuhama na fedha yake, na hakuna wa kunywesha. Saruji haikauki kama nguo. Hushikamana kwa kuungana na maji, na ikinyimwa maji mapema hubaki vumbi juu na nyufa chini.

Kwa sababu hiyo sehemu ya ujira huzuiliwa. Wajukuu hupewa zamu ya ndoo asubuhi na jioni, mbuzi hufungwa mbali, na bibi huendelea kupitia mlango wa nyuma. Siku ya 8 fundi huitwa tena. Hutazama bibi akipanda kwa mikono yake mwenyewe, akigeuka kituoni, akishuka. Na akitua chini salama, salio hulipwa hapo hapo barazani.