Safari ya Italia: Ukikosea tarehe, imekula kwako

SHABIKI wa soka anayedunduliza mwaka mzima ili akaione Serie A kwa macho yake huwaza vitu viwili: tiketi ya ndege na tiketi ya mechi. Cha tatu, ambacho ni rahisi kukisahau, ni kalenda.

Italia ni nchi ya sikukuu. Kila mji una mtakatifu wake na siku yake. Anayeipatia tarehe anakula mechi na sherehe kwa nauli moja. Anayekosea anakuta maduka yamefungwa, ligi imesimama na mkwanja umeshakatika.

AGOSTI, MJI MTUPU

Mtego mkubwa ni Agosti 15, sikukuu ya Ferragosto, yenye asili yake kwa Kaisari Augusto. Siku hiyohiyo Wakatoliki wanaadhimisha Kupalizwa kwa Bikira Maria. Waitaliano hukimbilia baharini na milimani, na kwenye mitaa isiyo ya watalii migahawa mingi hufungwa. Mgeni atazunguka Turin mpaka soli iishe.

Dawa yake iko Siena, mkoa wa Toscana. Agosti 16 kuna Palio, mbio za farasi kwenye uwanja wa Piazza del Campo. Mji una mitaa 17 ya jadi, lakini farasi 10 tu ndio hukimbia. Mizunguko ni mitatu na kabla ya dakika mbili ngoma imeisha. Hakuna tandiko, na farasi aliyemwangusha mpandaji akifika wa kwanza peke yake, ushindi ni halali.

Anayeujua utani wa Simba na Yanga hatapata shida kuelewa. Tofauti ni kwamba Siena timu huchagui, unazaliwa nayo. Kusimama katikati ya uwanja ni bure, ila jua la kusubiri kwa saa kadhaa ni la kwako. Mvua ikinyesha, mbio huahirishwa.

Uzuri ni kwamba Serie A nayo huanza siku hizohizo. Msimu ulifunguliwa Agosti 19 mwaka 2023, Agosti 17 mwaka 2024 na Agosti 23 mwaka 2025. Kwa hiyo ni Palio kwanza, mpira baadaye.

JUNI, SOKA LA NGUMI

Juni ligi imefungwa, ila Florence haifungi. Juni 24 ni siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, msimamizi wa mji huo, na ndiyo siku ya fainali ya calcio storico, mpira wa jadi unaochezwa juu ya mchanga mbele ya kanisa la Santa Croce.

Timu ni nne, kila moja na wachezaji 27, na mechi ni dakika 50. Ngumi na mieleka ruksa. Zawadi ya jadi ya bingwa wala si fedha, ni ndama wa Chianina.

NAPOLI NA DAMU YA MTAKATIFU

Septemba 19 Napoli inasimama kwa ajili ya San Gennaro. Waumini hujaa kanisa kuu kuangalia kama damu inayoaminika kuwa yake, iliyohifadhiwa kwenye kichupa, itayeyuka. Ikiyeyuka ni shangwe. Isipoyeyuka, watu wanahofia balaa.

Kutoka hapo shabiki anakwenda Quartieri Spagnoli kwenye mchoro wa Diego Maradona, aliyewapa ubingwa 1987 na 1990. Klabu ilisubiri miaka 33 kuupata tena, mwaka 2023, kisha ikauchukua 2025. Kabla ya kulipa chochote, aangalie kwanza mapumziko ya timu za taifa, maana wiki hizo Serie A huwa hakuna.

DESEMBA, MILAN

Desemba 7 ni siku ya Sant'Ambrogio, msimamizi wa Milan, na Desemba 8 ni mapumziko ya nchi nzima. Waitaliano huziunganisha siku hizo na wikiendi, wenyewe wanaita 'ponte', yaani daraja. Hoteli zinapanda bei, hivyo chumba kiwahiwe mapema.

Faida ya Milan ni San Siro. Inter na AC Milan wote wanautumia, kwa hiyo mmoja akiwa ugenini, mara nyingi mwingine yupo nyumbani. Hapo ndipo lilipokuwa kambi la Mkenya McDonald Mariga, aliyekuwa kwenye kikosi cha Inter kilichobeba mataji matatu mwaka 2010.

VIZA NA TIKETI

Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen. Maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasizidi siku 15 za mwisho. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024.

Ratiba hutoka mapema, lakini siku na saa kamili za mechi hupangwa baadaye kwa sababu ya televisheni. Mechi ya wikiendi inaweza kuangukia Ijumaa au Jumatatu. Anayekata tiketi ya kurudi Jumapili usiku anacheza pata potea. Tiketi ya uwanjani huandikwa jina, hivyo pasipoti haiachwi hotelini.

SIKU 10 ZA DHAHABU

Mwenye likizo moja tu aangalie Aprili 25 hadi Mei 4. Aprili 25 ni kumbukumbu ya ukombozi wa 1945, Mei Mosi inafuata, na ligi iko kwenye lala salama.

Mei 4 si sikukuu. Siku hiyo mwaka 1949 ndege iliyokuwa ikiwarudisha Torino kutoka Lisbon iligonga kilima cha Superga, nje kidogo ya Turin. Watu wote 31 walikufa, na kikosi kilichotawala soka la Italia kikaisha.

Kila mwaka mashabiki hupanda kilima hicho na nahodha wa Torino husoma majina ya marehemu, moja baada ya jingine. Hapahitaji tiketi. Anachotakiwa shabiki ni kufika mapema na kunyamaza.