Kati ya Kihisio na Vali: Utangulizi wa Swichi za Mtandao wa Turbini

Ikiwa umesoma umeme lakini mitandao ya kompyuta bado ni giza kwako, au umezoea mitandao ya ofisini na hujawahi kukanyaga kituo cha kufua umeme, utangulizi huu umeandikwa kwa ajili yako. Usiogope wingi wa maneno mapya. Tutakutana nayo moja moja.

Tuanze na mashine. Turbini huzungushwa na mvuke, gesi ya moto au maji, nayo huzungusha jenereta. Gridi zetu za Afrika Mashariki hutumia hezi 50, maana yake umeme hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, na jenereta yenye ncha mbili za sumaku lazima izunguke mara 3000 kwa dakika. Mashine za maji, kama zile 9 za Bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji, huenda polepole kwa sababu jenereta zake zina ncha nyingi, lakini kanuni haibadiliki.

Mwendo huo hupimwaje? Kwenye mhimili hufungwa gurudumu la meno, mara nyingi meno 60, na karibu yake huwekwa kihisio cha sumaku. Kila jino likipita, kihisio hutoa pigo moja la umeme. Hesabu mwenyewe: mizunguko 3000 kwa dakika kwa meno 60 ni mapigo 3000 kwa sekunde. Idadi ya mapigo kwa sekunde ndiyo idadi ya mizunguko kwa dakika, na fundi husoma bila kupiga hesabu nyingine. Napenda sana ubunifu huu. Habari hiyo hupelekwa kwa kidhibiti, yaani kompyuta inayoamua vali ya kuingiza mvuke, mafuta au maji ifunguke kiasi gani, kisha amri hurudi kwenye vali. Siku hizi njia ya safari hiyo mara nyingi ni ethaneti, yaani mtandao wa kuunganisha kompyuta kwa kebo.

Ethaneti ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Kompyuta zote zilitumia kebo moja. Mbili zikituma kwa wakati mmoja, ujumbe uligongana na kuharibika. Kila moja ilinyamaza kwa muda wa kubahatisha, kisha ikajaribu tena. Anayechapisha barua hasumbuliwi na hilo. Kwa turbini ni jambo zito, kwa kuwa hakuna awezaye kusema ujumbe utafika lini. Naomba ushike hapa kuliko popote pengine: mtandao wa udhibiti hauhitaji kasi kubwa kupindukia, unahitaji uhakika wa wakati.

Swichi, yaani kisanduku ambamo kebo za vifaa vyote hukutana, ndiyo iliyoondoa mgongano. Kila kifaa kina anwani yake ya biti 48, na data husafiri katika fremu, yaani furushi dogo lililoandikwa anwani ya mpokeaji na ya mtumaji. Fremu ikiingia, swichi husoma anwani ya mtumaji na kukumbuka imeingilia tundu lipi. Baadaye, fremu ya kwenda kwa kifaa hicho hupitishwa kwenye tundu hilo tu, kama karani wa posta aliyekwisha kujua sanduku la kila mtu. Kila kifaa kina kebo yake, hutuma na kupokea kwa pamoja, na hakuna anayemwingilia mwenzake.

Utauliza: basi tatizo limekwisha? Bado, maana mgongano umeacha foleni nyuma yake. Kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde, fremu kubwa kabisa huchukua takriban maikrosekunde 120 kupita. Amri ndogo ya vali ikikuta fremu kumi kama hizo mbele yake, itasubiri zaidi ya milisekunde moja. Ndiyo maana swichi za viwandani huwekewa vipaumbele, kuanzia 0 hadi 7, ili fremu ya udhibiti itangulie.

Tazama mfumo wa Mark VIe uliobuniwa na General Electric, unaotumika sana kwenye turbini za gesi na za mvuke. Katika muundo wake wenye ulinzi mkubwa kuna vidhibiti vitatu, R, S na T, kila kimoja na mtandao wake wa vihisio na swichi zake. Vitatu hivyo hupiga kura: kwa vipimo huchukuliwa thamani ya katikati, kwa ndiyo au hapana hufuatwa viwili kati ya vitatu. Swichi moja ikifa, mashine haisimami. Kwa kawaida kazi hiyo ya kupima na kupiga kura hurudiwa kila milisekunde 40, muda ambao mhimili wa mizunguko 3000 huzunguka mara mbili tu.

Ukifungua kabati utaiona swichi yenyewe: kisanduku cha chuma kilichobanwa kwenye reli ya milimita 35. Hakina feni, kwa sababu feni huvuta vumbi na huchakaa. Joto hutoka kupitia mapezi ya chuma chenyewe. Kina njia mbili za umeme wa volti 24, ili moja ikikatika nyingine ishike, na relei ndogo ya kengele inayowajulisha waendeshaji kwamba sasa wamebaki na moja. Bila kengele hiyo, hitilafu ya kwanza ingejificha hadi ya pili itokee.

Jambo linalowachanganya wengi ni mzunguko wa kebo. Fundi akiongeza kebo ya ziada kati ya swichi mbili ambazo tayari zimeunganishwa, fremu za matangazo, yaani zinazoandikiwa vifaa vyote, huzunguka bila kikomo, kwani fremu ya ethaneti haina hesabu ya kuiambia imesafiri vya kutosha. Ndani ya muda mfupi mtandao hujaa. Kwa hiyo njia ya akiba haiunganishwi hivi hivi: swichi hupewa kanuni ya kukifunga kiungo kimoja na kukifungua pale tu kingine kinapokatika.

Hata hivyo, ulinzi wa mwisho hauachiwi mtandao. Mwendo ukifika kiwango cha hatari, mara nyingi asilimia 110 ya mwendo wa kawaida, moduli ya pekee yenye vihisio vyake hukata mafuta au mvuke kwa waya wake wa moja kwa moja, swichi ziwe hai au zimekufa.

Ukipata nafasi ya kuingia kituoni, omba mchoro wa mtandao. Weka kidole kwenye kihisio cha mwendo, fuata mstari hadi kwenye vali, na katika kila swichi unayoipitia uliza: hii ikizimika sasa hivi, habari itapita wapi, na nani ataambiwa?