Fahamu: Kwa nini udongo wa magadi hutuamisha maji?

Katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, yapo mashamba yenye viraka vyeupe juu ya udongo uliopasuka. Huo ni udongo wa magadi. Maji hushuka bondeni na madini yaliyoyeyuka. Jua la nyanda kame huyakausha kabla hayajazama, na sodiamu hubaki.

Mkorofi hasa ni hiyo sodiamu. Ikishika zaidi ya asilimia 15 hivi ya nafasi za madini kwenye mfinyanzi, chembe zake huachana na kuziba vinyweleo. Mvua ikinyesha, maji hutuama. Yakikauka, udongo huwa mgumu kama saruji. Kipimo cha pH hupita 8.5, mizizi hukosa zinki na chuma, na mpunga hugeuka manjano hata ukiwekewa mbolea.

Kuongeza maji tu si dawa. Hutiwa jasi, ambayo kalisi yake huing'oa sodiamu, kisha maji ya kuisukuma chini na mfereji wa kuitoa shambani. Pasipo mfereji, jasi ni hela iliyotupwa. Kabla hujanunua hata mfuko mmoja, peleka udongo wako maabara ukapimwe.