Duara la Ngoma Ndani ya Miwani

Uhalisia pepe ni teknolojia inayomvisha mtu miwani yenye viwambo vidogo mbele ya macho na vihisio vinavyofuatilia kila mgeuko wa kichwa, ili akigeukia kushoto aone kilichoko kushoto na akiinua uso aone anga, hata ubongo wake ukubali kwamba yuko mahali ambapo hayupo. Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha mwanzo cha namna hiyo mwaka 1968, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya miwani kama Oculus Rift, iliyoingia sokoni mwaka 2016, kuwafikia wanunuzi wa kawaida, na tangu hapo matamasha ya muziki na michezo ya mpira yamekuwa yakirushwa kwa njia hiyo.

Kwa Mtwara, kusini mwa Tanzania, tukio linalostahili kupimwa kwa teknolojia hii ni ngoma. Ngoma za Wamakonde, kuanzia uwanda wa juu wa Newala hadi vijiji vinavyopakana na mlango wa Mto Ruvuma, huchezwa ndani ya duara la watu, na watu hao si watazamaji tu, kwa maana wao ndio wanaoitikia nyimbo, wanaopiga vigelegele na wanaoingia kati kumtunza mchezaji kwa noti. Kamera ya kawaida hulikata duara hilo vipande, kwa kuwa kila inapomwelekea mchezaji huwaacha nyuma waitikiaji wake. Kamera ya nyuzi 360, yaani yenye lenzi kadhaa zinazopiga picha pande zote kwa wakati mmoja na kuziunga kuwa picha moja, inaweza kuwekwa katikati na kulichukua duara zima, huku maikrofoni zake zikihifadhi mwelekeo wa kila sauti, ili ngoma iliyolia nyuma ya kisogo isikike nyuma ya kisogo.

Ugumu upo katika kasi. Wataalamu hukadiria kwamba picha isipofuata mgeuko wa kichwa ndani ya takribani milisekunde 20, mvaaji huanza kupata kizunguzungu na kichefuchefu. Aidha, picha ya pande zote ni nzito mno kuipitisha mubashara kwenye mtandao wa simu wa kijijini, kwa hiyo kurekodi kwanza ndiko kunakowezekana kwa urahisi zaidi. Ni kweli pia kwamba miwani humtenga mvaaji. Katika kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea mpira, mechi inayochezwa mbali hushangiliwa na benchi zima, ilhali ndani ya miwani kila mtu hushangilia peke yake, na kwa watu waliozoea kuitikiana hasara hiyo si ndogo.

Lililo zito zaidi ni idhini. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alifika Newala akiwa na fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta, pamoja na kamera ya sinema. Alirekodi nyimbo na ngoma, kisha akaondoka nazo kwenda Ujerumani. Kamera ya leo inaona mengi zaidi kuliko ya Weule. Lipiko, kinyago kinachovikwa kichwa chote huku mchezaji akitazama kupitia mdomo wake, hupata nguvu kutokana na siri ya aliyemo ndani, siri ambayo kwa desturi wanawake na watoto wasiopita jandoni hawakupaswa kuijua, kama vile unyago ulivyo na mambo yasiyopaswa kuonwa na wanaume. Kamera ya nyuzi 360 haina mgongo: inatazama hata upande ambao mgeni aliyefundwa angegeuza uso.

Lipiko lililoibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 lilirejeshwa Tanzania mwaka 2010 na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na liliweza kurejeshwa kwa sababu lilikuwa moja. Rekodi iliyokwisha kunakiliwa mara elfu hairejeshwi na yeyote. Kwa hiyo wenye kamera wanaokwenda Newala, Tandahimba au Msimbati waanze kwa wazee wa jando na makungwi, wakubaliane nao nini kirekodiwe na nini kiachwe, na nakala ya kwanza ya kila rekodi ikabidhiwe wenye ngoma, Mtwara, kabla haijavuka Ruvuma wala Rufiji.